KINU CHA NYUKLIA CHA CHUMVI ILIYOYEYUKA: MTAFITI ANAJUAJE KWAMBA HESABU YAKE NI YA KWELI?



Katika toleo la mwaka huu tumeona tujibu swali tuliloulizwa na baadhi ya wanafunzi wetu wakubwa, wale ambao asubuhi wanasoma sayansi katika shule za sekondari na jioni wanakuja madrasa. Walisikia kwamba kuna watu huko vyuo vikuu wanaotumia miaka minne au zaidi kutafuta shahada ya juu kabisa, yaani udaktari wa falsafa, kwa kukaa mbele ya kompyuta na kujenga ndani yake kinu cha nyuklia cha chumvi iliyoyeyuka. Kinu chenyewe mara nyingi bado hakijajengwa popote duniani. Wakauliza: kazi hiyo ina faida gani? Na huyo mtafiti anajuaje kwamba alichokipata ni kweli, wala si ndoto ya kompyuta?

Swali hili ni zuri, na sehemu yake ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Tutalijibu hatua kwa hatua.

KINU HIKI NI CHA NAMNA GANI?

Kiini cha atomu ya urani kinapopigwa na chembe ndogo iitwayo nyutroni, hupasuka. Kikipasuka hutoa joto, na hutoa pia nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo zikipiga viini vingine, kazi inaendelea yenyewe kwa yenyewe. Kinu cha nyuklia ni mahali ambapo mlolongo huu unaendeshwa kwa kipimo, usizimike wala usizidi mipaka, na joto lake likachemsha maji au kupasha gesi ili kuzungusha mitambo ya umeme.

Katika vinu vingi vilivyopo leo, urani huwa ni kitu kigumu. Hutengenezwa vidonge vidogo vinavyopangwa ndani ya mirija ya chuma, na maji yakapita kando ya mirija hiyo kuchukua joto. Maji hayo huwekwa chini ya mgandamizo mkubwa, takriban mara 150 ya ule wa hewa tunayoivuta, ili yasichemke.

Kinu cha chumvi iliyoyeyuka kinakwenda njia nyingine. Hapa urani haikai ndani ya mrija, bali imeyeyushwa ndani ya chumvi yenyewe. Msidhani ni chumvi hii tunayotia kwenye mchuzi. Ni chumvi za florini, kama vile florini na lithiamu, au florini na berili. Zikiwa baridi ni ngumu kama jiwe, na zikipata joto kali hutiririka kama maji. Kwa kuwa hazichemki upesi, hazihitaji ule mgandamizo mkubwa. Chumvi hiyo husukumwa na pampu. Ikipita katikati ya kinu, urani hupasuka na chumvi hupata moto. Ikitoka nje kwenye mabomba, hutoa joto lake kwenye kipozeo, kisha hurudi tena. Kwa ufupi, kinachowaka na kinachobeba joto ni kitu kimoja.

Jambo hili si hadithi ya kufikirika. Mwaka 1954, katika maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, kinu kidogo cha aina hii kilifanya kazi kwa siku chache tu. Wakati ule lengo lilikuwa kutengeneza ndege ya kivita inayotumia nyuklia. Ndege ile haikupatikana, lakini elimu ilibaki. Chini ya mkurugenzi wa maabara, Alvin Weinberg, kikajengwa kinu cha pili, cha majaribio, ambacho mlolongo wake ulianza tarehe 1 Juni 1965 na kuzimwa Disemba 1969. Nguvu yake ilikuwa takriban megawati 8 za joto, na chumvi yake ilizunguka ikiwa na nyuzijoto karibu 650 za Selisiasi. Kilifanya kazi kwanza kwa urani-235, na kuanzia mwaka 1968 kwa urani-233, aina inayopatikana kutokana na madini ya thori. Mkikumbuke kinu hiki cha Oak Ridge, kwa sababu tutarejea kwake mara nyingi.

NYUTRONI ZINAZOCHELEWA

Hapa ndipo ugumu unapoanza, na ndipo mtafiti anapopata kazi.

Urani ikipasuka, karibu nyutroni zote hutoka papo hapo. Lakini chache huchelewa. Katika urani-235, kati ya nyutroni 10,000, takriban 65 hazitoki wakati ule ule. Hutoka baadaye kidogo, kutoka katika mabaki ya kiini kilichopasuka, ambayo hapa tutayaita viini-mama. Baadhi ya viini-mama hutoa nyutroni zao kabla sekunde moja haijaisha, na vingine hukaa zaidi ya dakika nzima.

Mtu anaweza kusema: sitini na tano kati ya elfu kumi ni kitu gani? Ukweli ni kwamba hizo chache ndizo zinazompa mwanadamu nafasi ya kukitawala kinu. Zile za papo hapo huzaliana kwa kasi ambayo hakuna fimbo ya kuzuia wala mkono wa mtu unaoweza kuiwahi. Kinu huendeshwa salama kwa sababu mlolongo wake haukamiliki mpaka hizi zinazochelewa zifike. Ni kama msafara ambao hauwezi kuondoka mpaka mzee wa mwisho afike. Mwendo wake yeye ndio mwendo wa wote.

Sasa, katika kinu chenye urani ngumu, kiini-mama kinabaki pale pale kilipozaliwa na nyutroni yake inatoka mahali inapohitajika. Katika chumvi inayotiririka mambo hubadilika. Fikirini mtu amepewa ujumbe na kuambiwa autoe baada ya sekunde ishirini. Akiwa amekaa barazani, atautoa pale pale. Akiwa ndani ya basi linalokwenda, atautoa njiani, mahali ambapo huenda hakuna mtu wa kuupokea. Kadhalika kiini-mama: kinazaliwa katikati ya kinu, kinachukuliwa na mkondo, na nyutroni yake inatoka ndani ya bomba huko nje, isifanye kazi yoyote.

Katika kinu cha Oak Ridge, chumvi ilimaliza mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 25, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa nje ya kitovu cha kinu. Wataalamu walipolinganisha hali ya pampu kusimama na hali ya pampu kuzunguka, walikuta kwamba mzunguko unakipotezea kinu uwezo wa takriban 21 kati ya 10,000. Hiyo ni karibu theluthi ya zile 65. Maana yake theluthi ya breki ya asili ya kinu inategemea kasi ya pampu. Pampu ikizimika ghafla, hesabu yote inabadilika ndani ya sekunde chache.

MTAFITI ANAFANYA NINI KWENYE KOMPYUTA?

Hapa tunaweza kuona kwa nini kazi hii inachukua miaka. Mtafiti hana jambo moja la kuhesabu, bali mambo yanayoshikana:

1. Nyutroni zinazaliwa wapi, zinakwenda wapi na zinafia wapi.
2. Chumvi inatiririka kwa kasi gani katika kila pembe.
3. Viini-mama vimebebwa mpaka wapi kabla ya kutoa nyutroni zao.
4. Joto limefika kiasi gani, na limetoka kiasi gani.

Kila moja linaathiri jingine. Chumvi ikipata moto hutanuka. Ikitanuka, urani iliyomo katikati inapungua. Ikipungua, mpasuko unapungua na joto linashuka. Hii ni tabia njema ya kinu hiki, kwani kinajipunguza chenyewe. Lakini ili mtu aseme kitajipunguza kwa kiasi gani na kwa muda gani, lazima ahesabu mambo yote manne kwa pamoja.

Njia yake ni kuigawa picha ya kinu katika vyumba vidogo vidogo, pengine mamilioni, na katika kila chumba kuandika mizani: kilichoingia, kilichotoka, kilichozaliwa, kilichokufa. Kompyuta inapita chumba kwa chumba, kisha inasogeza saa mbele kidogo na kuanza upya. Utaratibu wa hatua zinazofuatana namna hii huitwa algoriti, na itawafurahisha kujua kwamba neno hilo limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9.

Kwa upande wa nyutroni, ipo njia nyingine iitwayo Monte Carlo, iliyobuniwa miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na John von Neumann. Kompyuta hufuata safari ya nyutroni moja tangu kuzaliwa mpaka kufa, ikichagua kila tukio kwa bahati kulingana na uwezekano wake uliopimwa maabara, kisha hurudia mamilioni ya mara na kuchukua wastani. Jina lake limetokana na mtaa wa Monaco wenye nyumba ya kamari, lakini hesabu yenyewe si kamari. Kadiri safari zinavyokuwa nyingi, ndivyo wastani unavyotulia. Programu za kazi hii zipo, kama vile Serpent ya Finland na OpenMC iliyoanzia Marekani katika chuo cha MIT, na kwa upande wa mtiririko hutumika OpenFOAM. Kazi kubwa ya mwanafunzi wa udaktari mara nyingi ni kuziunganisha programu za namna mbili zisemezane, kisha kuzijaribu.

HESABU NAYO HUSIKILIZWA

Sasa tumefika kwenye sehemu ya pili ya swali. Mwanafunzi anayehifadhi anaweza kusoma peke yake nyumbani mara kumi na kujiona amekamilisha. Hajui kama amehifadhi kweli mpaka akae mbele ya mwalimu, afunge msahafu, na asikilizwe. Makosa aliyokuwa akiyarudia bila kuyaona hujitokeza hapo. Hesabu ya kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Kompyuta haichoki na haisiti. Ikipewa dhana isiyo sahihi itaitolea jibu lenye tarakimu kumi baada ya nukta. Tarakimu nyingi si dalili ya ukweli. Kwa hiyo watafiti wamejiwekea mitihani miwili.

Mtihani wa kwanza: je, hesabu imefanywa sawasawa? Kwa ajili hii yametungwa maswali mepesi ambayo kila kundi hulijibu kwa programu yake. Moja mashuhuri ni sanduku la kufikirika la mita 2 kwa mita 2, lililojaa chumvi yenye urani, ambalo upande wake wa juu unateleza kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde na kuivuruga chumvi. Hakuna atakayejenga sanduku hilo. Kazi yake ni kupima programu. Makundi manne, kutoka CNRS ya Grenoble huko Ufaransa, Politecnico di Milano ya Italia, Taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi na chuo kikuu cha Delft cha Uholanzi, yalilijibu kila moja kwa programu yake, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba majibu yalikaribiana.

Lakini kukubaliana kwa wanne hakutoshi, ikiwa wote wanne wameanza na dhana ile ile. Ndiyo maana upo mtihani wa pili, nao ni mgumu zaidi: je, hesabu inalingana na kitu halisi kilichopimwa? Hapa ndipo watafiti wa leo wanaporejea kwa wazee wa Oak Ridge. Wazee wale waliandika. Walipowasha pampu, walirekodi fimbo ya kuzuia ilisogea kiasi gani kila sekunde ili kinu kibaki palepale. Walipoizima, walirekodi tena. Mwaka 1969 walifanya jaribio jingine: waliiacha pampu imesimama, wakaacha chumvi ya moto ipande na ya baridi ishuke yenyewe, na nguvu ya kinu ikapanda polepole kufuatana na joto lililotolewa, mpaka kilowati 350 hivi. Wengi kati ya waliopima hawakujua kwamba zaidi ya miaka hamsini baadaye, wanafunzi ambao hawakuwa wamezaliwa wangelinganisha mistari yao ya kompyuta na mistari ile.

ASILIMIA MBILI

Je, hesabu za leo zinafaulu? Nyingi hufaulu vizuri katika kuiga yale majaribio ya pampu. Lakini tuwaeleze pia mahali zinapokwama.

Tarehe 1 Juni 1965 kinu cha Oak Ridge kilikuwa kwenye mizani kamili: kila kizazi cha nyutroni kilirithiwa na kizazi kilicho sawa nacho. Kiasi hicho huandikwa 1. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, pamoja na wenzao wa Oak Ridge, walijenga modeli ya kina sana ya hali ya siku ile. Katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 2021, modeli ilitoa takriban 1.02. Yaani imezidi kwa asilimia 2 hivi, na shaka iliyokadiriwa katika vipimo peke yake haiwezi kuimaliza tofauti hiyo.

Asilimia 2 katika mtihani wa shule si neno. Lakini linganisheni na zile nyutroni zinazochelewa, ambazo ni chini ya asilimia 1. Tofauti ya modeli ni kubwa kuliko breki yenyewe. Watafiti wameonyesha kwamba jibu linategemea sana vitu vidogo, kama msongamano wa grafaiti iliyotumika na kiasi kidogo mno cha lithiamu-6 kilichobaki ndani ya chumvi.

Je, kulikuwa na hatari siku ile? Hapana, na hili ni somo lenyewe. Wazee wale hawakutia urani yote kwa kuiamini hesabu. Waliitia kidogo kidogo, kila mara wakihesabu nyutroni kabla ya kuongeza. Hesabu iliwaambia waelekee wapi, na kipimo kikawaambia wamefika wapi. Na watafiti wa Berkeley hawakuificha ile asilimia 2, wala hawakuirekebisha modeli kwa siri ili ifanane na kitabu. Waliiandika wazi ili wengine waitafute sababu. Uaminifu wa namna hii ndio unaoifanya shahada iwe shahada.

CHUMVI ILIYOACHWA MATANGINI

Tusije tukawapa picha ya upande mmoja. Kinu hiki kina matatizo yake. Chumvi ya moto inakula chuma, na katika kinu cha Oak Ridge kulionekana nyufa ndogo juu ya uso wa aloi iliyotengenezwa maalumu, zilizosababishwa na teluri inayotokana na mpasuko wa urani. Lithiamu ikipigwa na nyutroni hutoa triti, gesi yenye mionzi inayopenya chuma cha moto. Na mabaki ya nyuklia hayakosekani.

Kinu kilipozimwa mwaka 1969, chumvi yake iliwekwa kwenye matangi ikaganda. Mwaka 1994 uchunguzi ulibaini kwamba gesi ya florini na urani zilikuwa zimehama kutoka kwenye matangi na kuingia kwenye mabomba ya gesi, na urani nyingine imekusanyika ndani ya kichujio cha mkaa. Mionzi ilikuwa imeivunja chumvi iliyoganda. Kuiondoa urani ile kulichukua miaka mingi ya kazi ya tahadhari. Kwa hiyo mtafiti anayeiga kinu kikiwa kinawaka amefanya sehemu tu ya wajibu. Kuna pia swali la miaka 25 baada ya kuzimwa, na watu watakaokuwa wakiishi jirani wakati huo.

HALI ILIVYO LEO

Kwa muda mrefu hapakuwa na kinu cha namna hii kilichowaka. China imeanza tena. Taasisi ya Fizikia Tumizi ya Shanghai ilijenga kinu kidogo cha majaribio chenye megawati 2 za joto katika jimbo la Gansu, karibu na jangwa. Mlolongo wake ulianza Oktoba 2023, na kikafika nguvu kamili Juni 2024. Hii ina maana kwamba baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kutegemea daftari moja tu, huenda watafiti watapata daftari la pili la kusikilizia hesabu zao. Nchini Marekani, chuo kikuu cha Abilene Christian huko Texas kilipewa kibali cha kujenga kinu cha utafiti cha chumvi Septemba 2024.

HITIMISHO

Kwa mukhtasari, faida ya kuiga kinu ndani ya kompyuta ni kwamba makosa yanayofanyika humo hayamchomi mtu. Mtafiti anaweza kuizima pampu mara elfu moja na kuona yatakayotokea, jambo ambalo hakuna mwenye akili atalifanya kwenye kinu halisi. Lakini faida hiyo ipo kwa sharti moja: kwamba hesabu imekaa mbele ya kipimo ikasikilizwa, na aliyeifanya akawa tayari kusema waziwazi ilipokosea.

Enyi wanafunzi wa sayansi, mkiandika jaribio shuleni kwenu na jibu likakataa kulingana na la kitabu, msiibadilishe tarakimu mliyoipima. Iandikeni kama mlivyoiona, pamoja na tarehe na namna mlivyopima. Watu wa Oak Ridge hawakujua ni nani atakayekuja kuzihitaji tarakimu zao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kinu cha chumvi iliyoyeyuka hakihitaji mgandamizo mkubwa kama kinu cha maji?
2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe kwa nini kasi ya pampu inaathiri nyutroni zinazochelewa.
3. Makundi manne yalipata majibu yanayokaribiana juu ya lile sanduku. Je, hiyo inatosha kuthibitisha kwamba majibu ni ya kweli? Toa hoja.
4. Wazazi: muulizeni mwanao maswali haya, mumsikilize anavyoyaeleza, kabla hamjampa jibu.

Wabillahi tawfiq.